Mgonjwa Bandia Namba Kumi na Saba

Siku hiyo habari ilifika kijiweni kabla ya mwenye habari. Redio, muuza magazeti, alikuwa bado yuko ng'ambo ya barabara anangoja pikipiki zipite, na tayari ameshaanza kusoma kwa sauti.

"Wazima thelathini waingia zahanati, ishirini na saba watoka na dawa! Jamani, wazima!"

"Vuka kwanza ndiyo usome!" Shangazi akampigia kelele. "Ukigongwa hapo utaingia na wewe, na hutatoka na dawa."

Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili na meza ya Birika, chini ya bati lililoliwa na kutu. Birika ni jina walilompa binti wa kahawa, kwa kuwa kutwa birika liko mkononi na maneno yako tumboni. Mkono wake wa kulia hukaa Shangazi na rundo lake la mitumba. Ni shangazi wa kila mtu, hata wa waliomzidi umri. Mkono wa kushoto hukaa fundi viatu, Soli, na chuma chake cha kugongea, kopo la misumari midogo, na mdomo usio na kifuniko. Mbele yao, upande wa pili wa barabara, kuna zahanati ya mtu binafsi iliyoandikwa ukutani kwa herufi zenye urefu wa mlango: HAKUNA MIADI. HAKUNA FOLENI. INGIA TU.

Jina lake halisi walishalisahau. Kijiweni inaitwa Ingia Tu.

"Kuingia ni tu," Shangazi hupenda kusema. "Kutoka ndiko kuna mambo."

Redio alivuka, akajibanza katikati ya benchi, akalikunjua gazeti mpaka likamfunika fundi nusu ya uso.

"Sikilizeni. Watafiti wamewachukua watu thelathini, wazima wa afya, wakawatuma kwenye zahanati za namna hii, hizi za kuingia bila miadi. Kila mmoja akaambiwa aseme maneno yaleyale: mgongo unauma tangu juzi, niliinua gunia. Basi, hana lingine. Daktari alitakiwa amwambie, nenda kapumzike, usibebe vizito, usipopona rudi."

"Hiyo hata mimi ningesema," Shangazi akasema. "Tena ningesema huku nakunja nguo."

"Kumi na tisa wamepimwa mkojo."

"Mkojo na mgongo wapi na wapi?"

"Shangazi, mgongo uko nyuma, mkojo uko mbele. Ni majirani."

"Lione!"

"Kuonana na daktari, wastani dakika nne. Dakika nne, jamani! Mimi kumshawishi mtu anunue gazeti natumia kumi. Sasa shikeni viuno, msije mkaanguka." Redio akasimama. "Mmoja wao, mzima kabisa, aliambiwa ana ugonjwa wa sukari!"

Kijiwe kilipasuka. Shangazi alicheka akajifuta machozi kwa blauzi ya kuuza. Soli alicheka kuliko wote, akapiga nyundo juu ya chuma kama anayepigia ngoma kicheko chake. Kisha akaitua nyundo, akafungua sanduku la vifaa, akatoa kofia nyeupe iliyofungwa kwenye nailoni. Akaikung'uta. Akaivaa. Imeandikwa MSHIRIKI.

"Huyo mmoja," akasema, "mnamtazama."

"We!"

"Namba kumi na saba, mbele yenu. Miezi miwili nimeikalia siri hii. Walisema nisifungue mdomo mpaka matokeo yatoke."

"Wewe?" Shangazi akamkazia macho. "Wewe ambaye ukinunua sabuni mtaa mzima unajua inanukiaje?"

"Na ndiyo maana nimekonda, Shangazi. Siri ni mzigo."

Birika alikuwa anammiminia kahawa. Mkono wake ulisita kidogo pale kwenye neno nimekonda. Kwamba amekonda hakuna aliyehitaji gazeti kulijua. Mwenyewe alishautoboa mshipi wake matundu mawili mapya kwa shazia yake ya viatu, mbele yao, huku akiusifia uimara wa ngozi. Lakini lilikuwapo na la jagi. Birika huweka jagi la maji mezani, mteja akimaliza kahawa anasuuza koo kwa kikombe kimoja. Zamani jagi moja lilitosha mpaka adhuhuri. Siku hizi analijaza mara tatu, na mnywaji ni mmoja. Na huyo mmoja kabla ya saa nne ameshakwenda choo cha gereji mara nne, anarudi anafunga zipu huku mdomoni ana kisa kipya.

Alishafikiria kumwambia. Lakini unamwambiaje mtu jambo ambalo yeye mwenyewe analitumia kuchekeshea watu?

Soli alitia sukari vijiko vinne, akakoroga kwa madaha.

"Kwa hiyo ilikuwaje, mjomba?" Redio akauliza.

"Nikaingia. Dada wa mapokezi, jina? Nikampa lile la kwenye karatasi ya mtafiti. Namba ya simu? Nikampa ya kwenye karatasi hiyohiyo, ya kubuni. Shida? Hapo sasa! Nikashika kiuno hivi, nikakunja uso hivi: mgongo, dada yangu, mgongo!"

"Akaamini?"

"Akaamini? Kidogo alie. Nikapelekwa kwa daktari. Kijana tu, ndevu bado ziko kwenye majaribio. Nikasema 'niliinua gu...', hiyo '...nia' hata haijatoka, karatasi ya vipimo hii hapa. Mkojo, damu, picha. Nikajiambia, Soli, leo wewe ni mtu wa sayansi, toa damu. Nikatoa. Baada ya nusu saa naitwa: mzee, sukari yako iko juu sana. Mimi nimekaza sura! Maana tuliambiwa, ukisikia lolote usibishe. Pokea, toka, karipoti. Nikapokea, nikatoka, nikaripoti. Yule mtafiti alivyofurahi, miwani ilimdondoka. Akasema, huu ndio ushahidi, wanamuuzia mzima ugonjwa!"

"Na dawa?"

Aliyeuliza ni Birika. Wote wakageuka, kama birika lenyewe ndilo limesema.

"Dawa nilikabidhi, mpwa wangu. Ni kielelezo. Iko kwenye mfuko, imebandikwa namba."

"Hukumeza hata kimoja?"

"Nimeze kielelezo?"

Shangazi alikuwa ameacha kukunja. "Hebu ngoja, baba. Hao watafiti walijuaje kwamba wewe mzima?"

"Walihakiki."

"Walikupima?"

"Waliniuliza."

"Walikuuliza nini?"

"Kama mimi mzima."

"Ukasema?"

"Nikasema chuma."

Shangazi akamgeukia Redio. "Andika hilo kwenye gazeti lako. Zahanati inapima bila kuuliza, watafiti wanauliza bila kupima. Katikati kuna huyu."

"Huelewi sayansi, Shangazi."

"Sayansi siijui, nguo naijua. Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Wewe umekwenda kuazima ugonjwa!"

Soli akacheka, akamaliza kahawa, akavuta jagi. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Cha tatu akakinywa taratibu, kama mtu anayejificha kwenye kikombe.

Hapo ndipo mlinzi wa Ingia Tu alipovuka barabara kufuata kahawa yake. Wao humwita Afande, japo bunduki yake ni kirungu, na kirungu chenyewe ni mguu wa meza. Alijibwaga benchini.

"Mmeshasoma?"

"Tumesoma, tumekariri," Redio akajibu.

"Basi kule ndani ni vurugu. Tajiri, mwenye zahanati, amekuja alfajiri, anatoa moshi masikioni. Kila anayeingia leo ni bandia mpaka athibitike. Asubuhi ameingia mama mjamzito, tumbo hili hapa. Tajiri anamnong'oneza dada wa mapokezi: hakikisha si mto."

"Astaghafiru! Ikawaje?"

"Mto tumeupakia kwenye gari kuupeleka hospitali kubwa. Umejifungulia njiani. Kilo tatu na nusu."

Wakacheka mpaka mpita njia akasimama kutazama. Afande hakucheka sana. Alipuliza kahawa yake.

"Ila mnamtukana bure yule daktari. Tajiri amemtundikia saa ukutani, mbele ya macho yake. Dakika nne, kengele. Dakika nne, kengele. Watu sabini kwa siku. Mkate anakula amesimama. Hivyo vipimo hachagui, vinakuja vimeshachapwa kwenye karatasi, kazi yake sahihi. Lakini kijana ana roho. Miezi miwili hii ananisumbua: Afande, kuna mzee alikuja na mgongo siku uliyokuwa mapumziko, sukari yake imenitisha, nampigia simu kila jioni, namba haipo duniani. Ukimwona anapita, mkamate, hata kwa nguvu."

Redio akalishusha gazeti.

"Anafananaje huyo mzee?" Shangazi akauliza kwa sauti ya asali.

"Kasema vidole vyeusi kwa gundi. Na anaongea sana."

Macho yote yakamwendea Soli. Soli akaishusha kofia mpaka puani. Neno MSHIRIKI likabaki linamtazama Afande uso kwa uso.

"Soli?" Afande akasema. "Ni wewe? Mimi nasimama mlangoni miezi miwili namwinda mtu, kumbe mtu anashona viatu vyangu?"

"Sikilizeni." Soli akaipandisha kofia. "Tusipelekane haraka. Mimi niliingia mle na mgongo wa mtafiti, jina la mtafiti, simu ya mtafiti. Kilichopatikana mle ni cha mtafiti. Akamatwe yeye."

"Na damu?" Birika akauliza polepole. "Damu ilikuwa ya nani, mjomba?"

Soli akafungua mdomo. Akairekebisha kofia kwanza.

"Damu," akasema hatimaye, "ilikuwa kazini."

"Yarabi!"

"Msinizingue! Gazeti limeandika mzima. Limeshachapwa, Redio, si ndiyo? Limeshauzwa. Leo nikisema naumwa, nimelifanya gazeti liongope. Wale ni thelathini wazima. Nikitoka mimi wanabaki ishirini na tisa, na kazi ya watu imeporomoka. Tangu nizaliwe, ni nani mwingine aliyewahi kuniita mshiriki wa kitu? Watu wameniamini!"

"Watu wamekuamini wewe mzima," Shangazi akasema. "Sukari hawajaiuliza kama inaamini."

"Mimi ni chuma!"

"Chuma kinakunywa jagi zima?"

"Jua kali hilo."

"Tuko kivulini, baba!"

Soli alikuwa anacheka bado, lakini Birika aliona kitu. Tangu Afande aseme neno imenitisha, Soli alikuwa anatazama kila mahali: gazeti, jagi, rundo la mitumba, pikipiki. Hakulitazama lile jengo lililoko mbele yake, lenye herufi za urefu wa mlango.

"Nitawathibitishia," Soli akasema, akavua makubazi yake na kuruka kusimama. "Mnadhani kuna ugonjwa hapa? Ni usanii mtupu! Ngoja muone nilivyoingia siku ile."

Akashika kiuno. Akajikunja. Akakunja uso mpaka macho yakapotea. Kwa kweli alikuwa fundi. Hata Afande alitaka kumpa mkono amsaidie. Alianza kutembea kutoka benchi hadi benchi, hatua moja kilio kimoja, "mgongo, dada yangu, mgongo," na alipofika kwenye sanduku lake akalipiga teke kopo la misumari. Kopo likapinduka. Misumari ikatapakaa sakafuni kama punje.

"Miguu juu!" Redio akapaza, akapanda benchi. Shangazi akajikunyata juu ya mitumba yake kama kuku.

Soli hakusimama. Aligeuka palepale, peku, akairudia njia yake juu ya ile misumari, huku kashika kiuno. "Uuuh, mgongo! Uuuh, nimekwisha!"

"Mwigizaji huyo!" Redio akapiga makofi. "Anapita juu ya misumari, anaumwa mgongo! Mpeni tuzo!"

Hata Shangazi alianza kucheka. Birika hakucheka. Bibi yake, aliyekuwa na sukari, aliwahi kukanyaga kaa la moto jikoni, akaendelea kuwahesabu kuku wake mpaka wa mwisho, na aliyesikia harufu ni wajukuu. Birika alikuwa mtoto, lakini harufu ile hajaisahau. Alilitua birika mezani.

"Mjomba, simama hapohapo."

"Bado sijafika kwa daktari!"

"Simama, nakuomba. Mguu wako wa kulia unauma?"

"Mguu? Ninaigiza mgongo, mpwa wangu, usinichanganye."

"Kaa. Nipe mguu."

Kitu fulani katika sauti yake kilimkalisha. Birika akapiga magoti, akauweka unyayo wa Soli juu ya paja lake, akaugeuza kwenye mwanga. Misumari mitatu. Imezama mpaka vichwani, imekaa sambamba kisiginoni, vizuri kabisa, kama vile yeye mwenyewe anavyoipanga kwenye soli za watu. Damu ilikuwa imeshachora njia yake yote ya kurudi.

Redio alishuka benchini taratibu, akalikunja gazeti, akaliweka kwapani.

Soli aliutazama ule mguu kama kiatu alicholetewa na mteja asiyemfahamu. "Hii," akasema, "imeingia saa ngapi?"

"Mficha maradhi..." Shangazi akaanza, kisha akaiacha methali njiani. Akachomoa fulana safi kwenye rundo lake, ile aliyoikatalia watu wawili asubuhi kwa kuwa walitaka kumlalia bei, akaifunga kwenye unyayo bila kuitazama mara mbili.

Soli akavua kofia. Aliishika muda kidogo, akalisoma lile neno kama ndiyo kwanza analiona, kisha akamkabidhi Birika.

"Nishikie. Isichafuke."

Wakavuka wote. Afande mbele, Redio akizuia pikipiki kwa gazeti, Shangazi na Birika wamemshika Soli kila mmoja bega lake. Meza ya kahawa ikabaki peke yake, na hakuna aliyeikumbuka.

Ndani ya Ingia Tu kulikuwa na viti vya plastiki vilivyoshonana, runinga isiyo na sauti, na kidirisha cha kioo chenye tundu la kusemea lililowekwa juu mno, hata watu wafupi walilazimika kuumwa wakiwa wamenyanyua visigino. Nyuma ya kioo dada wa mapokezi aliinua macho. Alimkumbuka palepale.

"Mzee wa mgongo! Umerudi?" Akaegemea kioo. "Leo umetumwa na nani?"

Watu wote kwenye viti wakageuka. Soli akavuta pumzi.

"Leo," akasema, "nimetumwa na mguu."

Dada akachungulia chini, akaiona fulana ilivyobadilika rangi. Hakuuliza tena. Alichukua kalamu. "Jina?"

Soli akalitaja jina lake, lile la kuzaliwa. Shangazi na Redio wakatazamana. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kulisikia.

Mlango wa daktari ulifunguka. Kijana alitoka, mkate mkononi, akasimama.

"Mzee! Nimekutafuta wewe, mpaka nikadhani umekufa. Mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo ulikuwa wa watu, daktari. Huu mguu ndio wangu."

Kijana akamtazama, akautazama mguu, akamkabidhi Afande mkate wake. Mlango ukafungwa.

Kengele ya dakika nne ikalia. Mlango haukufunguka. Ikalia ya pili. Wagonjwa wakaanza kuguna. Bwana mmoja mwenye kikohozi akasema kwamba ukutani pameandikwa hakuna foleni. Shangazi akamuuliza, kwani yeye alifikiri ukutani wameandika maandiko matakatifu? Birika alikaa, kofia magotini, akahesabu kengele. Yeye subira anayo. Alipofika kengele ya kumi na moja mlango ulifunguka.

"Wastani umeharibika!" Redio akanong'ona kwa furaha.

Soli alitoka akichechemea, bendeji nyeupe mguuni, mfuko wa dawa mkononi, na barua ya kwenda hospitali kubwa kesho yake asubuhi. Na dawa safari hii, daktari alimwapisha, si kielelezo. Amemeza kidonge cha kwanza mbele yake, akaambiwa afungue mdomo kama mtoto, waone kama kimepita.

"Na hii chupa nyingine?" Birika akauliza, akichungulia mfuko.

"Hiyo ya mgongo," Soli akasema kwa unyonge. "Daktari hakuiandika. Dirishani wamesema ilikuwa kwenye faili."

Walirudi kijiweni. Meza ilikuwa palepale, ila kahawa yote ilikuwa imekwisha. Wapita njia walijihudumia, nusu yao wakaacha chochote, nusu wakaacha vikombe. Birika akawasha jiko upya. Shangazi akaokota misumari mmoja mmoja, akaihesabu kwa sauti mpaka kopo likajaa, pungufu mitatu. Redio akaondoka na magazeti yake, akikataa kabisa kusema tena neno mzima mbele ya wateja.

Kahawa ilipochemka Birika akammiminia Soli, akausogeza mkebe wa sukari mbali, upande wa Shangazi. Soli akautazama ukienda kama mtu anayesindikiza mgeni wake wa miaka mingi. Akanywa funda moja. Uso wake ulijikunja, macho yakapotea, kuliko hata siku ya mgongo.

"Mpwa wangu," akasema, "hii kahawa ni bandia."

Birika akamrudishia kofia yake.

"Pokea, mjomba. Usibishe. Utaripoti."